Gari la Sinema na Uwanja wa Kijiji

Mtu anayetaka kuandika historia ya televisheni nchini Tanzania huanza, kwa desturi, na mitambo. Huutaja mwaka 1994, ambapo vituo vya kwanza vya watu binafsi vilianza kurusha picha Tanzania Bara. Hukumbusha kwamba Zanzibar ilitangulia kwa takriban miaka 20, na kwamba televisheni ya Taifa kwa upande wa Bara ilizinduliwa mwaka 2000. Tarehe hizo ni za kweli, na mwanafunzi hana budi kuzijua. Lakini mtambo peke yake hauna macho wala masikio. Ili kipindi kiwe kipindi, lazima wawepo watu waliokubali kuketi, kunyamaza, kutazama na baadaye kusemezana juu ya waliyoyaona. Watu hao hawakuzaliwa siku ile mnara uliposimamishwa. Walijengwa kidogo kidogo, usiku baada ya usiku, katika viwanja vya vijiji, shuleni, mahakamani na sokoni, kwa mikusanyiko iliyodumu saa chache tu kisha ikavunjika.

Katika insha hii tunakusudia kuieleza historia ya mikusanyiko hiyo ya muda, na jinsi ilivyotumika kuwatengeneza watazamaji. Tutayatazama mambo hayo tukiwa tumesimama Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, mahali palipo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Tumechagua mahali hapo kwa makusudi. Anayekaa karibu na studio hudhani kwamba sauti na picha humfikia kila mtu kama mvua. Anayekaa mbali anajua kwamba lazima mtu azichukue na kuzileta. Tena anajua kwamba aliyezileta ana nia yake, na kwamba nia hiyo yafaa kuulizwa. Swali letu basi ni hili: watazamaji wetu walijengwa na nani, kwa njia gani, na kwa faida ya nani?

Uwanja kabla ya gari

Ingekuwa kosa kufikiri kwamba Wafipa walijifunza kukusanyika kwa sababu ya sinema. Ufipa ni nchi ya vijiji vilivyoshikamana, na ya watu ambao wageni wengi waliowatembelea wamewasifu kwa kupenda mazungumzo ya taratibu. Kilimo chao chenyewe ni kazi ya uvumilivu. Majani hukatwa na kufunikwa kwa udongo katika matuta ya mviringo yaitwayo ntumba, yakaachwa yaoze na kurutubisha ardhi. Mkulima wa ntumba anajua kwamba kinachozikwa leo hulisha kesho, na kwamba hakuna njia ya mkato.

Mkusanyiko mkubwa wa kazi katika Ufipa ya kale ulikuwa ule wa kuyeyusha chuma. Matanuri ya udongo yaitwayo malungu yalijengwa marefu kupita kimo cha mtu, na masalia yake yameonekana katika sehemu nyingi za uwanda huo hata katika zama zetu. Tanuri halikuwashwa na mtu mmoja. Fundi mkuu alikuja na dawa zake na ujuzi wake, watu wakakata kuni na kuchoma makaa, wakabeba mawe ya chuma, wakashika miiko mikali, na tanuri likaimbiwa na kutunzwa kama bibi arusi. Shughuli ilipokwisha, kambi ilivunjwa. Huo nao ulikuwa mkusanyiko wa muda, lakini kila aliyehudhuria alikuwa na kazi yake. Hapakuwa na mtazamaji mtupu. Jembe la dukani lilipoenea katika karne ya 20, kazi hiyo ilififia mpaka ikakoma. Pamoja na chuma kilichopotea, ilipotea pia namna moja ya watu kukutana.

Halikadhalika zilikuwapo hadithi za jioni. Msimulizi wa hadithi katika kijiji cha Kifipa, kama ilivyo mahali pengi katika nchi yetu, hakuwa mtu wa kusema peke yake. Wasikilizaji walimjibu, walimsahihisha, waliimba kiitikio, na aliyechoka alipokewa na mwingine. 

Yafaa pia tuikumbuke masimulizi ya Milansi, ambayo Wafipa wengi huyahesabu kuwa chimbuko la utawala wao. Yasemwa kwamba mtawala wa kwanza alikuwa mbali nyumbani, akiwinda, wakati wanawake watatu wageni walipofika. Mke wa mtawala aliwapa kiti cha enzi. Mwenyewe aliporudi aliwakuta wameketi, na nchi ikawa yao, isipokuwa eneo dogo la Milansi lililobaki mikononi mwa ukoo wa zamani. Masimulizi hayo yana maana nyingi, na wataalamu wamebishana juu yake. Sisi twachukua moja tu: mgeni akija wakati mwenyeji hayupo, swali kubwa ni nani ataketi kitini. Swali hilo ndilo linalorudi kila gari la sinema linapoingia kijijini.

Gari lililotoka Vugiri

Mwaka 1935, katika milima ya Usambara, mahali paitwapo Vugiri, lilianzishwa jaribio la kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Kwa Kiingereza liliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zake nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani, na wasimamizi wake walikuwa Baraza la Kimataifa la Misioni pamoja na watu walioteuliwa huko Uingereza. Kazi ya Vugiri iliongozwa na L. A. Notcutt, na upande wa elimu ulishikwa na G. C. Latham. Kati ya mwaka 1935 na 1937 zilitengenezwa hapo filamu fupi 35, juu ya mambo kama vile safura, malaria ya watoto wachanga, utunzaji wa ngozi, kodi na mmomonyoko wa udongo. Waafrika waliigiza ndani ya filamu hizo na kusaidia kazi za karakana, lakini uamuzi wa nini kisemwe haukuwa wao.

Linalotuhusu zaidi ni jinsi filamu hizo zilivyopelekwa kwa watu. Lori lilibeba mtambo wa kuonyeshea picha, jenereta, kipaza sauti na sahani za santuri. Sauti haikuwa ndani ya filamu yenyewe. Ilirekodiwa katika sahani kwa lugha mbalimbali, ili picha zile zile ziweze kusema Kiswahili hapa na lugha nyingine kule. Lori lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Kila lilipofika, shuka jeupe lilitandazwa, watu wakakusanyika giza lilipoingia, na onyesho likaanza. Asubuhi lori lilikuwa limekwisha kuondoka.

Hebu tuitazame filamu moja katika hizo, ile iliyohusu benki ya akiba ya posta. Wafanyakazi wawili wanapata ujira. Mmoja anazifukia fedha zake ardhini, na mwizi anakuja kuzichimbua. Mwenzake anaziweka posta, nazo zinakuwa salama. Somo linaeleweka mara moja, na halina ubaya ndani yake. Lakini tujaribu kuwafikiria watazamaji. Mtu aliyeacha shamba lake na kwenda kutafuta kazi ya mkonge ili apate fedha ya kodi angeweza kuwa na maswali mengine: ujira huu mbona ni mdogo? Kodi hii ni ya nini? Filamu haikuyajibu maswali hayo, wala lori halikungoja yaulizwe.

Mwaka 1937 jaribio lilikwisha. Sauti ya sahani mara nyingi ilikuwa hafifu, na serikali za kikoloni hazikukubali kutoa fedha za kuliendeleza. Viongozi wake walichapisha taarifa yao katika kitabu, na mitambo ikanyamaza. Hata hivyo mfumo ulikuwa umekwisha kuzaliwa: gari, shuka, giza, umati, na somo lililotungwa mbali. Mfumo huo ulidumu muda mrefu kuliko waliouanzisha.

Kuku aliyeonekana

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda idara ya filamu za makoloni iliyoongozwa na William Sellers, mtu aliyekuwa amekwisha kutumia filamu za afya huko Nigeria. Magari ya sinema yaliongezeka katika makoloni. Safari hii kazi ya kwanza ilikuwa kueneza habari za vita, na baada ya vita magari hayo yakapewa kazi ya kilimo, afya na ushirika.

Wakuu wa idara hiyo walishikilia nadharia moja juu ya mtazamaji wa Kiafrika. Walidai kwamba hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi, na kwamba lazima filamu iende polepole, pasipo mbinu za upigaji picha zilizozoeleka mahali pengine. Ili kuithibitisha nadharia hiyo visa vilisimuliwa na kurudiwa. Kisa kimoja kilichotangaa sana ni cha filamu ya usafi. Watazamaji walipoulizwa wameona nini, inasemekana walijibu kwamba wamemwona kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua hata kama alikuwamo kuku, mpaka walipoitazama tena na kumwona akipita upesi pembeni. Kisa kingine ni cha mbu aliyekuzwa katika picha. Watu walisema kwamba kwao hakuna mbu wakubwa kiasi kile, na kwa hiyo hawana haja ya kuhofu.

Visa hivyo vilitolewa kama ushahidi wa ujinga. Sisi twavisoma vingine. Mfugaji anayemwona kuku wa mwenzake akikimbia mbele ya mgeni anaona jambo lenye maana, kwa kuwa kuku ni mali. Tena aliyeulizwa swali na mkubwa wa serikali, usiku, mbele ya umati, aghalabu hujibu jibu lisiloweza kumdhuru. Na yule aliyesema kwamba kwao hakuna mbu wa namna ile huenda alikuwa akifanya mzaha, na mzaha ni silaha ya kale ya mtawaliwa. Kosa halikuwa katika macho ya watazamaji. Kosa lilikuwa katika kufikiri kwamba umati ukiisha kukusanywa, umekwisha kukubali.

Katika maonyesho hayo alikuwapo mtu mmoja ambaye historia imemtaja kidogo mno, nayo ni mfasiri. Huyu alisimama kando ya shuka na kueleza picha kwa lugha ya watu wa pale. Bila yeye onyesho lilikuwa mwanga na kelele tu. Yeye ndiye aliyechagua maneno, akaongeza mfano wa mahali pale, akajibu utani kwa utani, na pengine akapunguza makali ya maneno yaliyotoka juu. Kwa kweli mfasiri ndiye aliyeirudisha sinema katika desturi ya hadithi za jioni. Mwalimu anayewapa wanafunzi wake somo hili asimsahau, kwa maana tutakutana naye tena mbele.

Katika miaka ya mwanzo ya 1950, kampuni moja ya filamu ya Afrika Kusini ilitengeneza nchini Tanganyika filamu za Kiswahili zenye hadithi na waigizaji wa hapa hapa. Miongoni mwao iko Muhogo Mchungu, ambayo mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa, wakati huo akiwa mtumishi wa idara ya ustawi wa jamii. Mwaka 1955 Kawawa alikuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Hatusemi kwamba sinema ndiyo iliyompandisha, la hasha. Twasema kwamba mtu aliyejifunza kusema na umati kupitia shuka jeupe alikuja kusema nao ana kwa ana, katika mikutano ambayo serikali ya kikoloni haikuiandaa. Mkoloni aliwazoesha watu kukusanyika usiku kutazama picha zake, lakini hakuweza kuwaamuru yale watakayoyazungumza njiani wakirudi nyumbani.

Mkusanyiko wa hofu

Tusije tukadhani kwamba kila mkusanyiko usiotoka kwa mkoloni ulikuwa wa heri. Katika miaka ya 1963 na 1964, mara tu baada ya Uhuru, ulipita Ufipa mwendo wa kusaka wachawi ulioitwa Kamchape. Roy Willis, mtaalamu aliyekuwa akifanya uchunguzi katika nchi hiyo, ameueleza kwa kirefu. Vijana wageni waliitwa na wanakijiji wenyewe. Walipofika waliwakusanya watu wote, wakadai kuwatambua wachawi, wakawanyoa nywele na kuwachanja chale za dawa wale waliotajwa. Kisha wakachukua malipo yao na kuendelea na kijiji cha pili.

Wengi husema kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Kwa hiyo mtu aweza kuona Kamchape kuwa ni ahadi ya zamani inayotimizwa. Lakini tuangalie waliolipa. Ugomvi wa vijana na wazee, ambao ungeweza kusemwa barazani na kutatuliwa, ulipewa jina la uchawi na kumalizwa kwa fedheha ya usiku mmoja. Wageni waliondoka. Mzee aliyenyolewa mbele ya wajukuu zake alibaki pale pale, na jirani yake aliyemtaja akabaki mlango wa pili.

Twaueleza mwendo huu hapa kwa sababu umbo lake lafanana na la gari la sinema: mgeni anafika, umati unakusanyika, jambo kubwa linaonyeshwa, mgeni anaondoka. Umbo ni moja, ingawa nia si moja. Kutokana na hayo twajifunza kwamba wingi wa watu uwanjani si kipimo cha wema wa kilichowaleta. Kipimo ni hali wanayobaki nayo kesho yake.

Redio iliyongoja jibu

Baada ya Uhuru serikali iliendelea kutumia magari ya sinema. Mwaka 1968 iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, na katika miaka ya 1970, kwa msaada wa Denmark, ilianzishwa taasisi ya filamu na vyombo vya kuona na kusikia jijini Dar es Salaam. Lakini Tanzania Bara ilichagua kutokuwa na televisheni kwa wakati ule. Televisheni ilihesabiwa kuwa anasa ya wachache wa mjini, na kazi kubwa ya kuwaelimisha wananchi ilipewa redio.

Hapo ndipo lilipofanyika jambo ambalo, kwa maoni yetu, ni somo kubwa kuliko yote katika historia hii. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Kila juma, kwa majuma 12, vikundi vya wananchi vilikutana kusikiliza kipindi cha redio juu ya magonjwa kama malaria, safura, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Kipindi kilipokwisha redio ilizimwa. Kiongozi wa kikundi alisoma sehemu ya kitabu, watu wakajadiliana, na mwisho wakaamua watakalolifanya kabla ya kukutana tena. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na washiriki wapatao milioni 2 walihudhuria. Vyoo vingi mno vilichimbwa nchini kutokana na majadiliano hayo. Mwaka 1975 ilifuata kampeni ya Chakula ni Uhai kwa mtindo huo huo.

Hebu tulinganishe na lori la Vugiri. Lori lilikuwa na picha zinazotembea, na redio haikuwa na picha hata moja. Kwa kupima ajabu ya macho, lori lilishinda. Lakini lori lilikuja mara moja likaenda zake, na kikundi kilikutana mara 12. Katika lori, aliyejua alikuwa mgeni. Katika kikundi, kiongozi alikuwa jirani, mtu ambaye choo chake mwenyewe kingeweza kukaguliwa na wenzake. Na zaidi ya yote, katika kikundi chombo kilinyamazishwa ili watu waseme. Ni wazi pia kwamba kampeni kubwa kama ile haiwezi kukosa kasoro. Choo kilichochimbwa kwa kumwogopa mkaguzi hakilingani na choo kilichochimbwa kwa kukubaliana, hata kama vyote viwili huandikwa katika hesabu moja. Kwa hiyo mwanafunzi wa historia asitosheke na hesabu. Aulize vilevile jinsi watu walivyokubaliana.

Kampeni hizo zilikwenda pamoja na elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika nchini walikadiriwa kuwa asilimia 67. Mwaka 1975 walikuwa asilimia 39, na mwaka 1977 asilimia 27. Kwa mahali kama Ufipa, palipokuwa mbali na mji mkuu na penye barabara ngumu wakati wa masika, maendeleo hayo yalikuwa na maana ya pekee. Mwaka 1974 Mkoa wa Rukwa ulipoundwa na Sumbawanga ikawa makao yake makuu, mtu wa huko aliweza kuwa mbali na kitovu cha nchi kwa kilomita, lakini si kwa habari wala kwa mazungumzo.

Televisheni, kibanda na usaili

Zanzibar ilipoanzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, seti ziliwekwa pia mahali pa watu wote, ili asiye na uwezo wa kununua naye atazame. Kwa hiyo hata televisheni, chombo ambacho wengi hukihesabu kuwa cha sebuleni, ilianza kwetu kama jambo la uwanjani. Bara nako, vituo vilipofunguliwa kuanzia mwaka 1994, wengi walitazama kwanza kwa jirani, katika mabaa na katika mabanda ya video. Katika mabanda hayo yule mfasiri wa gari la sinema alizaliwa upya. Filamu za ng'ambo zilifasiriwa kwa Kiswahili na mtu mwenye kipaza sauti, aliyeongeza utani na kuwapa waigizaji majina ya hapa. Watu walilipa kumsikiliza yeye kama walivyolipa kuitazama filamu. Hata leo, wakati wa mechi kubwa za mpira, kile watu wanachokiita kibanda umiza hujaa kuliko nyumba yenye televisheni nzuri zaidi, kwa sababu goli lisilo na mwenzako wa kulishangilia huwa nusu ya goli.

Redio iliendelea kutufundisha. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa kuigiza Twende na Wakati, juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Mmoja wa wahusika wake ni Mkwaju, dereva wa lori mwenye tabia mbovu, na mkewe ni Tunu. Kwa muda wa miaka miwili mchezo huo haukutangazwa na kituo cha Dodoma, ili watafiti waweze kulinganisha watu waliousikia na wasiousikia. Uchunguzi ulionyesha mabadiliko mahali uliposikika, na ulionyesha vilevile kwamba mabadiliko hayo yalipitia katika mazungumzo: mume na mke, rafiki na rafiki, wakijadili mwenendo wa Mkwaju kama wanavyojadili wa jirani. Mchezo ulipanda mbegu, na mazungumzo ndiyo yaliyoimwagilia maji.

Katika miaka ya 2000 mashindano ya televisheni kama Bongo Star Search yalianza kuzunguka mikoani kwa usaili. Waandaaji hufika mjini kwa siku chache, vijana hupanga foleni tangu alfajiri, wengine huimba na wengine huja kutazama tu, kisha vyombo hufungashwa na msafara huondoka. Kipindi kinaporushwa, mji ule unakuwa na sababu ya kukitazama, maana mtoto wao yumo ndani yake. Ni njia ya busara ya kupata watazamaji, na hatuna haja ya kuibeza. Hata hivyo ni jambo la zamani lililovaa nguo mpya, na maswali ya zamani yanalistahili. Je, mji ule unatazamwa kama mahali pa kuchota vipaji na wateja, au kama mahali penye wasanii, wafasiri na wasimulizi wa kudumu? Msafara ukiisha kuondoka, kinabaki nini?

Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu tarehe 31 Desemba 2012, Tanzania ilipoanza kuizima mitambo ya analojia, ikianzia Dar es Salaam. Kuanzia hapo anayetaka kutazama hana budi kuwa na king'amuzi. Chaneli zimeongezeka, lakini zimeongezeka pia nyumba ambamo kila mtu anatazama peke yake, na sasa wengine hutazama katika simu. Hatari ya leo si kwamba watu wa Ufipa hawataona. Wataona mengi. Hatari ni kwamba wataona mengi wasiyoyazungumza na mtu.

Hitimisho

Tumeona kwamba kwa muda wa karibu karne moja mikusanyiko ya muda imetumika katika nchi yetu kuwajenga watazamaji na wasikilizaji. Lori la Vugiri liliwakusanya watu ili wafundishwe. Magari ya vita na ya baada ya vita yaliwakusanya ili wasadiki. Kamchape iliwakusanya ili waogope. Vikundi vya Mtu ni Afya viliwakusanya ili wasemezane na kutenda. Umati unaweza kufanana katika yote manne. Tofauti iko katika nafasi aliyopewa mwenyeji: ama ameketi kitini, ama amesimama pembeni akimtazama mgeni aliyeketi.

Kwa hiyo twawashauri walimu wasiliache somo hili likaishia kitabuni. Wawapeleke wanafunzi kwa wazee wa mitaa yao wakaulize: gari la sinema lilisimama wapi? Nani alikuwa mfasiri, na alisemaje? Watu walicheka mahali gani? Ni kipindi gani cha redio kilichowafanya wagombane, na waliafikiana nini? Majibu yaandikwe, kwa kuwa wanaoweza kuyatoa wanapungua kila mwaka, na hakuna mtambo uliowarekodi. 

Na anayetaka leo kupeleka kipindi cha televisheni Sumbawanga, Namanyere, Laela au Kasanga, apeleke turubai, kipaza sauti na wasanii wake, akaribishwe. Lakini baada ya onyesho azime mtambo, aketi mkekani, na angoje. Mkulima wa ntumba hafukui majani siku ya pili kutazama kama yameoza. Kama mwenye kipindi hana muda wa kungoja watu waseme, basi amekuja kuhesabu vichwa, nao wenyeji wana haki ya kurudi nyumbani mapema.